Mdogo Wangu Pasi na Shati la Mlango wa Bluu

Ukifika nyumbani kwa mdogo wangu, pangusa miguu kabla hujabisha hodi. Usipopangusa mwenyewe, atakupangusa yeye, na hatakuuliza una cheo gani.

Alizaliwa hivyo. Nilikuwa darasa la sita, yeye ndiyo kwanza anaanza la kwanza, na tayari sare yangu alikuwa ananifulia yeye. Hakuna aliyemtuma. Aliona haya tu kuongozana njiani na dada mwenye kola chafu. Mikunjo ya sketi yangu ilisimama kama kurasa za kitabu kipya, mpaka wenzangu wakawa wanauliza nyumbani kwetu kuna pasi ya namna gani. Nikawaambia tunayo moja, ina miguu miwili na inalia ikinyimwa uji. Jina la Pasi likamganda hapo, hata mumewe alipokuja kuposa alimwulizia kwa jina hilo.

Baadaye alifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha kufulia cha hospitali. Madaktari walijua magonjwa, yeye alijua madoa. Damu ilikuwa na dawa yake, dawa ya kidonda nayo ilikuwa na dawa yake. Kahawa alikuwa akikuonya usiianze kwa sabuni ya mche, utaikaribisha ikae. Kila msaidizi mpya alimpa somo moja: "Doa ulitambue kwanza ndipo ulifukuze. Utamfukuzaje mtu usiyemjua?"

Alipostaafu tulipata taabu. Mwezi wa kwanza alifua mapazia yake, wa pili akafua ya kwangu. Siku nilipomkuta anayapiga pasi yakiwa bado yananing'inia dirishani, nikamwambia, "Wewe, tafuta kazi kabla hujatufua na sisi."

Kazi ikamtafuta yeye. Binti wa rafiki yake ni mbunifu wa mavazi, yaani ndiye anayeamua kila mwigizaji avae nini. Walikuwa wanatengeneza tamthilia ya televisheni na walihitaji mtu wa kutunza nguo. Pasi alienda asubuhi, na jioni akaja kwangu anahema kama aliyekimbizwa.

"Dada! Kuna nyumba nzima kule, haina nyuma!"

"Haina nyuma vipi?"

"Mbele ukuta, picha, saa, kila kitu. Ukizunguka huku, mbao na misumari. Jiko lina bomba, bomba halina maji. Na mkono wa saa anausogeza mtu!"

Kazi ile aliisimulia kila siku, nami nilikuwa namngoja mlangoni. Aliniambia kwamba hawapigi picha kwa kufuata hadithi. Wanapiga kwanza yote yanayotokea sebuleni, kisha yote ya barabarani, halafu fundi anayeitwa mhariri anaketi na kuyaunga yakae kwa mpangilio. "Kule, dada, mtu anazikwa Jumatatu na kuoa Alhamisi," alisema, "na bwana harusi analalamika kwamba jeneza lilikuwa jembamba."

Jumatano ya wiki ya pili alinichukua nikamsaidie kushona vifungo kwenye makoti ya polisi wa tamthilia. Tulifika saa moja asubuhi. Lilikuwa ghala la zamani la mbao, na harufu ya mbao bado imo. Nyaya zilitambaa chini zikiwa zimebandikwa kwa utepe. Upande mmoja taa kubwa zimesimama kwa miguu mitatu, upande mwingine nguo zimetundikwa safu kwa safu, kila moja na kipande cha karatasi kinachosema ni ya nani na ni ya onyesho namba ngapi. Katikati palikuwa na sebule isiyo na dari, na kwenye ukuta wake mlango wa bluu.

Mbunifu wa mavazi akaja mbio, kikombe mkononi. "Shikamoo mama. Shikamoo mama mkubwa. Mama Pasi, nipe shati la mlangoni, mwigizaji yuko tayari."

"Hili hapa," Pasi akasema, akalitoa kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto.

Lilikuwa jeupe hilo, limenyooka, kola imesimama. Mbunifu akalitazama. Akaligeuza. Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Mama. Matope yako wapi?"

"Nimeyatoa, mwanangu. Na mgongoni lilikuwa limechanika, nikalitia uzi. Lilitundikwa hapa tangu juzi katikati ya nguo safi, nikajiuliza, hivi hawa watoto hawana mama?"

Kikombe kiliwekwa chini taratibu sana. Ndipo tukaelezwa, mimi na mdogo wangu tukiwa tumesimama kama wanafunzi waliochelewa. Jumatatu walikuwa wamepiga picha nje, kwenye nyumba ya kweli mtaa wa mbali. Mwanamume anarudi kwao baada ya miaka, mvua ya mpira wa maji inamnyeshea, ameanguka kwenye matope, amechanwa na seng'enge. Anafika kwenye mlango wa bluu, anausukuma. Basi. Ndani ya mlango ule ndiko huku ghalani. Leo ndiyo angeingia, amkumbatie mama yake, na kamera imtazame mgongoni. Kwenye televisheni ni hatua moja tu, mguu mmoja nje na mwingine ndani. Angetoka Jumatatu mchafu aingie Jumatano amepigwa pasi!

Fundi wa umeme, aliyekuwa juu ya ngazi, akaita, "Mama, sabuni gani hiyo? Niambie nimpelekee mke wangu!" Watu wakacheka. Pasi hakucheka.

Mwongozaji akaja. Wenzake wanamwita Bwana Kata, kwa sababu ndilo neno analolipiga kelele kutwa. Hakupiga kelele, na hiyo ilitutisha zaidi. "Aliyeyatengeneza yale matope yuko wapi?"

"Amekwenda kwenye filamu nyingine," mbunifu akajibu. "Nimempigia mara sita, hapatikani."

"Picha za kumbukumbu?"

Kulikuwa na msichana ambaye kazi yake ni kukumbuka: mkono upi ulishika kikombe, kifungo kipi kilikuwa wazi, ili vipande vikiungwa vishabihiane. Alifungua simu yake. Kifuani picha tano, safi kabisa. Mgongoni moja, gizagiza, maji yanatiririka juu ya kioo. "Samahani. Mvua ilikuwa… Na kadi za kamera ziko kwa mhariri tangu jana, hafungui ofisi kabla ya saa tano."

"Mwigizaji anasafiri kesho alfajiri," Bwana Kata akasema. "Na mwenye ile nyumba alitupa siku moja tu. Saa nne naanza. Shati lisiporudi lilivyokuwa, Jumatatu nzima ni takataka." Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Mama, pole sana. Lakini likishindikana, nitatafuta mtu mwingine wa nguo."

Akaondoka. Ilikuwa saa mbili na robo.

Pasi aliketi juu ya sanduku, mikono mapajani. Nimemwona huyu akimzika mumewe hajainamisha kichwa namna ile. Nikaanza kutafuta neno la kumfariji, nikalikosa, nikasema lililokuja: "Lakini doa ulilitambua kabla hujalifukuza?"

Akainua uso. Nakwambia, niliiona damu ikimrudi mashavuni.

"Kahawa," akasema. Akasimama. "Leteni kahawa iliyokolea, isiwe na sukari. Mafuta ya kupikia. Udongo ule wa nje kando ya geti, uchekecheni kwa chandarua au kwa chochote. Na wembe!"

"Mama, una uhakika?" mbunifu akauliza.

"Mimi nimelifua, wewe umeliona tu. Sikiliza. Maji ya kwanza yalitoka na mchanga. Sabuni ikaondoa utelezi, yale yalikuwa mafuta. Kilichong'ang'ania mpaka mwisho ni kahawa. Kwa hiyo aliyelitia alianza na kahawa, akaja na mafuta, udongo juu. Tunarudi njia ileile, kinyumenyume."

Watu walitawanyika kama waliomwagiwa maji. Kukatokea shida nyingine: mashati yalikuwa mawili, la kabla ya kuanguka na la baada, yamewekwa pamoja mezani, na kwa jinsi alivyoyafanya yote mawili, hakuna aliyejua lipi ni lipi. Mbunifu aliyageuza juu ya meza akitafuta pale palipochanika, asipaone. Pasi akafumba macho, akapitisha kidole gumba. La kwanza, hapana. La pili, kidole kikasimama. "Hapa." Uzi ule ulikuwa umepita kama pumzi. Akakata mshono wake mmoja mmoja kwa wembe, na mpasuko ukafunguka palepale ulipokuwa, kwa urefu uleule, nyuzi zake za pembeni bado zimo. Lile jingine wakalifanya la kujaribia.

"Doa lilikuwa kubwa kiasi gani?" msichana wa kumbukumbu akauliza, kalamu mkononi.

"Kiganja changu na vidole viwili. Ndivyo nilivyolisugua. Lilishuka upande wa kushoto, na lilikuwa na mkia, kama wa panya, unapinda hapa." Wakalinganisha na ile picha ya gizagiza. Katikati ya maji yale, kweli, kulikuwa na kitu kinapinda. Msichana akapiga kelele ya furaha, akaziba mdomo.

Shati la majaribio likatoka jeusi mno. Akapunguza kahawa. La kweli akalitandika, akatia kahawa kwa sifongo, akatia mafuta kwa ncha ya kidole, akamwagia udongo na kuupigapiga. Halikukauka. Saa tatu na nusu! Hapo mdogo wangu akafanya nisilotarajia kuliona duniani: akachukua pasi, akapiga pasi uchafu uingie. Mvuke ukapanda wenye harufu ya kahawa. Fundi wa umeme alishuka ngazini kuja kuangalia.

Likabaki jambo moja, na ndilo lililomshinda. Shati lilikuwa na doa, lilikuwa na mpasuko, lakini lilikuwa limenyooka. Alilishika, akalitazama, akalisukuma kwangu.

"Dada, likunje wewe. Mimi mikono inakataa."

Nikalifinyanga nikalikalia. Nililikalia barabara, na mimi si mwepesi.

Saa nne kasoro dakika tano mwigizaji akalivaa. "Mama, mke wangu akiniona hivi hanifungulii," akasema, nao wakamnyunyizia maji kuanzia kichwani. Bwana Kata akamzunguka mara mbili. Wakasema kimya, na ghala lote likanyamaza, hata sindano yangu niliisikia ikiingia kitambaani. Mlango wa bluu ukafunguka. Mwanamume akaingia, yule mama yake wa tamthilia akadondosha sufuria, wakakumbatiana, na mgongo ule ukatugeukia.

"Kata!"

Lakini bado hatukujua. Tulingoja mpaka saa sita, mhariri alipounga vipande viwili na kuvituma kwenye simu ya Bwana Kata. Tulimzonga watu ishirini, mimi nikiwa begani kwake. Mtu anatembea kwenye mvua, mgongo wake mbele yetu, mkono unasukuma mlango. Mlango unafunguka. Yuko ndani. Nilitafuta mahali pa kiungo nikapakosa.

"Rudisha," mtu akasema. Akarudisha. Mkia wa panya ulipinda nje, ukapinda na ndani.

Bwana Kata akaizima simu. "Mama Pasi, kesho ni saa moja kamili. Na usifue kitu hujaniuliza."

"Hata soksi?"

"Hata soksi!"

Ghala lile lililipuka kwa makofi, na mdogo wangu akatafuta pa kuficha uso, akauficha kwenye koti la polisi.

Tamthilia ilipoonyeshwa tulijaa sebuleni kwake, miguu yetu yote imepanguswa. Wajukuu walikuwa wanalia kwa sababu ya mama na mwanawe. Sisi wawili hatukuwa na habari na nyuso. Mtu akafika mlangoni, akausukuma, akaingia, nasi tukarukaruka na kupiga makofi mpaka mjukuu wa mwisho akatugeukia na machozi yake.

"Bibi, mnashangilia nini? Si ameingia nyumbani tu?"

"Ndiyo, mjukuu wangu," Pasi akamjibu, hajaondoa macho kwenye ule mgongo. "Umemwona alivyoingia?"