Mita Moja, Nyumba Mbili

Mpangaji wetu wa nyumba ya uani alikuwa akinunua dagaa visiwani Muleba na kuwauza Bukoba mjini. Mita ya umeme ilikuwa moja, yetu na yake. Tangu nirudi likizo nyumbani Kahororo na kompyuta niliyoipata kwa mwanafunzi mwenzangu, alikuwa na neno moja tu: ile mashine inakula umeme. Alikuwa amechungulia nyuma yake akasoma kibandiko cha pawasaplai, kile kisanduku kinachoingiza umeme. Wati mia tatu.

"Taa yangu ni arobaini," aliniambia barazani. "Hesabu mwenyewe, msomi."

Sikuweza kuliacha. Wakati ule nilibishana na kila mtu, hata paroko. Nikamweleza kwamba mia tatu ni mwisho wa uwezo wa pawasaplai, si kiasi inachovuta. Kompyuta yenyewe inahitaji labda theluthi ya hapo. Juu yake kuna umeme kidogo unaopotea kwa kugeuka joto ndani ya kile kisanduku, ndiyo maana feni yake inapuliza upepo wa vuguvugu.

"Kwa hiyo tunalipia na joto," akasema.

"Kidogo."

"Lakini tunalipia."

Baba alikuwa akimmiminia punje za kahawa za kutafuna kiganjani. "Mwache mwenzio," akaniambia. "Ni kompyuta. Hata mimi nasema ni kompyuta."

Hilo liliniuma. Nikamchukua mpangaji mpaka ukutani kwenye mita, nikamwambia nitazima kila kitu kwetu, naye azime kwake, na ile sahani inayozunguka ndani ya mita itasimama. Kisha nitawasha kompyuta peke yake, aone inavyojikokota. Akazima kwake, nami nikazima redio, taa, friji. Kompyuta nikaichomoa kabisa.

Sahani haikusimama. Ilikuwa inakimbia.

"Labda umezima kwa Kiingereza," mpangaji akasema.

Baba aliinuka. "Inatosha," akasema, lakini nilikuwa nimeshaingia ndani kuufuata waya uliopita juu ya milango hadi chumba cha nyuma, tulikohifadhi maharage na kahawa, ambako sikuwa nimeingia tangu nirudi. Nikasukuma mlango.

Dada yangu alikuwa amekaa kitandani. Miguuni pake palikuwa na jiko la umeme la koili, na juu yake sufuria ya maji iliyokaribia kuchemka. Vitambaa vilikuwa kwenye beseni. Mabega yake yalikuwa yamebaki mifupa. Miaka ile ya ukimwi hakuna mtu wa Kagera aliyehitaji kuelezwa.

Nyumbani waliniambia yuko kisiwani kwenye biashara yake ya samaki. Mimi niliyehoji mpaka sala, hilo nililipokea bila swali, kwa sababu lilinifaa. Mpangaji ndiye aliyekuwa akiuliza mbona hamwoni kule. Jiko la kuni la uani tulilitumia pamoja naye, na vitambaa vile visingeweza kuchemshwa mbele yake bila habari kufika mjini na visiwani.

"Umekuja kuniona," dada akauliza taratibu, "au umekuja kupima umeme?"

Akainama mwenyewe, akalizima jiko.

"Imesimama!" mpangaji akaita kutoka nje.

Nilitoka. Baba alikuwa ameshika kahawa zake bila kutafuna, macho yake chini. Nikaelewa kwa nini siku zote amekuwa upande wa mpangaji.

"Ilikuwa kompyuta," nikasema. "Nilisahau kuichomoa."

"Si nilisema?" Mpangaji alinipiga begani bila ubaya. "Mia tatu ni mia tatu. Rudi chuoni wakufundishe upya."

Baba akamwongezea kahawa. Mimi hakunitazama.

Jioni ile niliihamishia kompyuta chumba cha nyuma, nikaiweka sakafuni mgongo wake ukielekea kitandani. Mpangaji angesikia feni na asingeuliza tena kwa nini sahani inakimbia. Nikakaa chini na kuanza kuchapa kazi ya chuo. Dada akanyoosha miguu hadi kwenye ule upepo.

"Hili ndilo joto linalopotea?"

"Ndiyo."

"Linanifikia."

Nilijua lisingetosha kukausha hata leso. Alisema hivyo ili nisijisikie vibaya. Nikaendelea kuchapa, uso wangu kwenye kioo cha kompyuta, kwa sababu tangu aliponiuliza lile swali sikuwa nimeweza kumtazama.