Kata Aliyopewa Kaburini

Mume wangu alikuwa juu ya nyumba anang'oa bati, na binti yetu yuko chini yake amelala na kichanga. Mchana kweupe, mawingu ya masika yametanda. Binti akapiga kelele, "Baba, mtoto atalowa!" Akajibiwa kutoka juu, "Hamieni jikoni, huko kuna joto." Na baba yake akacheka. Bati lilishuka likaenda kwa muuza gongo. Mvua ilipofika tulikuwa jikoni kweli, tumebanana na kuku.

Binti alikuja kwangu kujifungua uzazi wa kwanza, kama desturi yetu. Wakwe zake wa Mazinde waliposikia wakamfuata. Mama mkwe wake hakukaa hata kitako. "Mwenzangu, mtoto huyu huku haji tena."

Hapa Handeni wanasema mume wangu alizaliwa mlevi. Waongo. Ujanani alikunywa, ndiyo, halafu akaacha. Akaacha kabisa. Aliendesha bodaboda stendi, na wajawazito walimpigia simu yeye kwa sababu hakimbizi pikipiki. Nyumba ile aliijenga yeye.

Kisha baba yake akafariki. Sisi Waislamu, hitima tulisoma, lakini wazee wa ukoo hawaachi matambiko yao. Mahindi yalipokauka, baba yake mdogo akasema marehemu ana kiu. Pombe ya miwa ikapikwa. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye humimina kaburini, na kabla ya kumimina anaonja mbele ya wazee.

Nilimwendea baba mdogo mbele ya wazee wenzake nikapiga magoti. "Shikamoo baba. Huyu akionja harudi tena. Mdogo wake aonje kwa niaba yake."

"Mkwe, wewe umeolewa hapa. Makaburi yetu yamekuhusu lini?"

"Yananihusu, baba. Akitoka huko anakuja kulala kwangu."

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Funda moja limshinde mwanaume? Au umemzoesha uji?"

Pale kaburini baba mdogo akachota kwa kata ya kibuyu, akampa kwa mkono wake. Mume wangu aliniangalia mimi kwanza. Alijua. Akanywa, hakuonja.

Kesho yake alikuwa kwa muuza gongo, pale pale mwenyekiti wa kitongoji anapokaa na glasi yake kama haoni. Pikipiki ikaenda. Majembe tukawa tunayalaza kwa jirani. Mtoto wetu mdogo akaacha kuleta wenzake nyumbani. Akisikia baba yake anakohoa njiani anatokea mlango wa nyuma. Mimi nikawa mtu wa kuomba radhi kila mlango, hata nisikokosea.

Nimechoka. Na sasa baba mdogo ametuma mtu: marehemu amekasirika, tambiko lirudiwe, mume wangu aonje upya ili apone. Ati nitoe miwa.

Sitoi. Muuza gongo ana lake na mwenyekiti ana lake, lakini aliyemrudisha mtu huyu kwenye pombe ni wewe, baba mdogo, na nilikusihi kwa magoti. Itisha kikao cha ukoo hapo uani kwako, wawepo wote waliocheka. Nitakuja, na safari hii nitakaa kwenye kiti. Useme mbele yao: mtu alikuwa ameacha, wewe ulimpa kwa nini?