Funda Moja la Jumamosi

Saa moja asubuhi, kwenye ghala la chini ya nyumba ya matofali huko Schaerbeek, ughaibuni, Priscille Nabintu anachovya bomba la kioo ndani ya pipa. Anavuta divai kidogo, anaisukasuka mdomoni, kisha anaitema kwenye ndoo. Kabla ya kusogelea pipa la pili anatafuna tangawizi, asije akanuka pombe.

Kanisani kwake wanajua anaosha chupa tu.

Na kweli alianza hivyo, miaka kumi na minne iliyopita, akiwa mkimbizi kutoka Bukavu asiye na ndugu mjini. Familia ya Vandersmissen, wenye ghala hilo, tangu enzi za babu wa babu, hulaza mapipani divai tamu iliyotiwa pombe kali mpaka igeuke rangi ya kahawa. Bi Godelieve, mwenye nyumba, aliona msichana ana pua nyepesi ya kunusa, akamfundisha kuchanganya divai.

"Kwetu kanisani bantu habakunywaka pombe. Ata kikombe ya Bwana ni jus ya zabibu," anasema Priscille. "Mi naonja, natema. Nilikuwa najiambia: donc, basi, sikunywe. Ni kazi tu."

Sasa maneno hayo hayamsaidii. Bi Godelieve ana miaka themanini na mmoja, na ulimi wake umechoka. Wanawe wamepata mnunuzi anayelitaka jengo, si mapipa. Wamekubali kutouza kwa sharti moja: Priscille apokee ufunguo wa ghala, awe msimamizi wake.

Lakini kwa desturi ya nyumba hiyo, anayepokea ufunguo hunywa funda moja kutoka pipa la mwanzilishi, mbele ya familia nzima. La pipa hilo halitemwi.

Shughuli ni Jumamosi. Jumapili yake Priscille anaongoza wimbo, na kanisani kwao aliyekunywa hukalishwa benchi la nyuma, haimbi mpaka asamehewe. Kwake yeye kwaya ndiyo ndugu, baba na mama.

"Usingizi haikuye," anasema, huku akipangusa bomba ambalo tayari ni safi. "Nikikataa, benzangu sita banapoteza kazi. Nikimeza, nitaimba na mdomo gani?"

Alimwomba Bi Godelieve amruhusu alowanishe midomo tu. Bibi alikataa. Mfanyakazi mwenzake akamshauri ameze anyamaze, nani atajua? Hapo ndipo Priscille aliogopa zaidi, kwa sababu shauri lilimvutia.

Jumatano akaenda kwenye jumba la maduka la Galerie d'Ixelles, kwenye saluni ya maman Cécile, kiongozi wa kwaya. Alisubiri mteja wa mwisho asukwe, kisha akamweleza yote, tangu tone la kwanza.

Maman Cécile hakufoka. Aliendelea kufagia nywele.

"Nikamwambia: maman, ukuye Jumamosi. Unione nikimeza. Kama utanitoa mu chorale, unitoe juu ya kitu uliona na macho yako," anasema Priscille.

Priscille ameomba kiti kimoja kiongezwe karibu na pipa. Hajui kama kitakaliwa. Jumatano ile Maman Cécile aliegemeza ufagio ukutani, akauliza tu shughuli inaanza saa ngapi.