Rangi Haikuisha

Miaka sita baada ya kuolewa Busunzu, nilikuwa bado napewa kiti. Kila sherehe ya upande wa mume wangu, nikifika tu mtu ananivutia kiti kivulini, ananiletea soda na kuniambia, "Mwalimu, kaa upumzike, safari imekuchosha." Wake wa shemeji zangu wako nyuma ya nyumba wanamenya ndizi, wanasonga ugali, wanataniana kwa Kiha mpaka wanashika mbavu. Mimi nimekaa na soda yangu kama mkaguzi wa shule. Heshima ile iliniuma kuliko tusi, kwa sababu kule mtu wa nyumbani hutumwa maji na kuni, na mgeni ndiye anayekalishwa.

Sababu niliijua. Mimi ni Mpare wa Same, nililetwa Kasulu na barua ya ajira nifundishe hesabu. Watumishi tunaoletwa huku tuna sifa yetu: mwaka wa kwanza tunajifunza kusalimia, mwaka wa pili tunaomba uhamisho. Siwezi kujitetea, maana na mimi niliomba, mara mbili, kabla sijaolewa. Mama mkwe alizijua barua zile. Aliniita "mwalimu" siku ya kwanza na akaendelea kuniita hivyo hata baada ya kumzalia wajukuu wawili.

Kisha wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, anayefanya kazi hapa mjini, akapata mchumba. Ikabidi iamuliwe wageni wa mahari wapokelewe wapi: Busunzu kwa kaka mkubwa, au kwetu Kasulu, kwenye nyumba tuliyokuwa tumehamia miezi michache nyuma. Mama mkwe akatuma neno kwamba atakuja Ijumaa aione nyumba kwanza, ndipo aseme. Nilitaka waje kwetu. Sitajifanya nilikuwa mtulivu. Nilitaka mpaka nikakosa usingizi.

Sebule yetu ilikuwa na kuta nne nyeupe na makochi ya zamani yenye vitambaa nilivyofuma mwenyewe. Ilikuwa safi, lakini ukiingia ulidhani unasubiri kuitwa kwa daktari. Nikaamua ukuta mmoja, ule unaotazama mlango, niupake kijani kizito cha jani la mgomba, na mingine mitatu ibaki nyeupe. Nilikuwa nimeona sebule ya namna hiyo kwenye simu na moyo ukaruka. Mume wangu ni bwana shamba, wiki ile alikuwa Titye kwa wakulima wa maharage. Nilipompigia akasema, "Ukuta ni ukuta, mke wangu. Usije ukaharibu." Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka dukani mbio.

Muuza rangi akaniuliza, "Ya geti, mwalimu?" Nikamwambia ya sebule. Akasimama na kopo mkononi. "Ya maji basi, siyo ya mafuta. Lakini kijani hiki watu hupaka geti." Nikamwambia anichanganyie, awe ananiangalia mimi na siyo geti.

Jumamosi nikasogeza makochi, nikatandika magazeti, nikaukwangua ukuta, nikapiga msasa, nikaanza. Kosa nililofanya ni la mtu wa kuja, na baada ya miaka yote ile sikuwa na udhuru: nilifungua madirisha. Ilikuwa Agosti, mvua haijaonekana tangu Mei, na mbele ya nyumba yetu barabara bado ni ya udongo. Nilikuwa namalizia kona ya chini lori la mbao likapita. Vumbi jekundu likaingia dirishani bila hodi na kutua lote kwenye rangi mbichi. Nikapitisha kidole, kikatoka chekundu. Nikatupa brashi chini, nikasema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua, nikaketi juu ya magazeti na kulia.

Jumapili asubuhi nikaamka na hasira, na hasira kwangu ni mtaji. Nikapiga msasa upya ukuta mzima, nikaufuta kwa kitambaa chenye maji mpaka kikaacha kutoka chekundu, nikafunga madirisha, nikamwaga ndoo kadhaa za maji barabarani mbele ya nyumba huku majirani wakinitazama. Kwenye kona nilikuwa nimebandika utepe wa karatasi wenye gundi kutoka juu hadi chini. Nikapaka mkono wa pili, na baada ya chakula wa tatu. Jioni nikaibandua ile karatasi taratibu, pumzi nimeishika. Mstari ulitoka umenyooka, kijani huku, nyeupe kule, bila tone lililovuka. Nilicheza peke yangu sebuleni. Nimefaulisha wanafunzi wengi, lakini sikumbuki kujisifu kama siku ile.

Furaha yangu ilidumu mpaka Jumatatu alasiri, zamu yangu ya kupokea kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Wanawake wa mtaa waliingia mmoja mmoja, wakaona ukuta, na kila mmoja akapunguza sauti. Jirani yangu muuza maharage ndiye mwenyekiti. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye ni raia na kwao ni Makere, na hana mchezo na shida ya mtu. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mwalimu."

"Pole ya nini?"

"Ya rangi. Iliisha?"

Nikamwambia haikuisha, nimependa iwe hivi. Akatikisa kichwa kwa huruma zaidi. Nikaeleza kwamba ni mtindo, kwamba kopo bado lina rangi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kunihurumia, maana wote walishajua kwamba mtu mwenye haya hakubali kuwa ameishiwa. Nikatoa simu niwaonyeshe picha. Mmoja akaitazama, akasema polepole, "Na hawa nao, masikini." Mwisho mwenyekiti akasimama. "Jamani, kikundi chetu si cha misiba tu. Mwenzetu anatembelewa na mama mkwe Ijumaa, na nyumba haijaisha. Kila mwenye rangi iliyobaki kwake ailete. Jumatano tunakuja kumalizia."

Wakapiga makofi. Nilitabasamu, na ndani nilikuwa nachemka.

Kufikia Jumanne jioni mlangoni kwangu palikuwa na makopo sita: pinki kidogo, bluu nusu kopo, njano iliyoota ngozi juu, rangi ya maziwa, na mengine mawili yasiyojulikana mpaka ufungue. Kukataa nisingeweza. Hapa mtu akikuletea msaada ukaukataa, umemwambia hamhitajiani, na siku ya msiba wako atakumbuka. Nami niliguswa, lazima niseme; mwanamke aliyeleta ile pinki nyumba yake mwenyewe haina hata plasta. Lakini kuwaachia ukuta wangu? Ningekufa kwanza, wapate kazi yao ya kawaida.

Jumatano walipofika na brashi zao na kanga wamejifunga viunoni, nikawapokea uani na chai ya maziwa na viazi. Nikasema, "Wenzangu, sebule nimeshapatana nayo. Kinachonitia aibu ni jiko." Jiko letu la nje lilikuwa jeusi kwa moshi ndani na nje. Waliliona, wakaguna kwa pamoja, na hapo hapo makopo yakahamishwa. Kila ukuta ulipata rangi yake kufuatana na kopo lilipoishia. Tulicheka, tulipakana rangi, tukaimba, na muuza maharage akapanda juu ya ndoo akipaka bluu huku akiamrisha kila mtu. Alipokuwa ananawa akachungulia sebuleni. "Kile kijani," akasema, "ukikizoea kina maneno."

Ijumaa mama mkwe akashuka kwenye basi na mume wangu, aliyekuwa amepanga kurudi siku hiyo. Tulisalimiana kama inavyotakiwa kwao, nimepiga magoti, napiga makofi ya polepole, yeye ananiuliza habari za watoto, za kazi, za mvua, za wazazi wangu, nami najibu moja moja. Hapo hakuna haraka. Kisha akaingia ndani.

Akasimama mbele ya ukuta. Mume wangu, ambaye naye alikuwa anauona kwa mara ya kwanza, akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Mama mkwe akauendea, akaugusa kwa mgongo wa mkono jinsi mtu anavyompima mtoto homa. Akaifuata kona kwa kidole kutoka usawa wa kichwa mpaka chini alipoweza kuinama.

"Nani kapaka?"

"Mimi, mama."

"Hukuweka fundi?"

"Hapana, mama. Mimi mwenyewe."

"Na ukaamua mmoja tu."

Nilijibu kabla woga haujanikamata. "Niliupenda hivyo, mama. Rangi ilikuwepo."

"Naona. Mtu aliyeishiwa rangi hanyooshi kona namna hii." Akakaa kwenye kochi, akavua viatu. "Nyumba za walimu nimeziingia nyingi. Zote nyeupe. Makochi mazuri, kabati zuri, luninga. Vitu vya kupakia kwenye lori barua ikija. Huu ukuta wewe utaupakia wapi?"

"Siupeleki popote," nikasema, na sauti ikanikatikia hapo.

Hakunibembeleza. Siyo desturi yake. Alimwomba mwanawe simu, akampigia kaka mkubwa Busunzu, akazungumza Kiha cha haraka ambacho nilikamata nusu. Nusu hiyo ilinitosha: wageni watakuja Kasulu, wiki ijayo. Mume wangu alinitazama kama niliyeshinda uchaguzi, na kwa kweli nilijisikia hivyo. Nilitaka kutoka nje niwapigie kelele mtaa mzima.

Mama mkwe alipokata simu akaniona nimesimama katikati ya sebule, nafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Sasa unasimama unafanya nini? Wake wa shemeji zako watafika Alhamisi usiku, na wewe ndiye wa kuwagawia kazi. Nani ataloweka maharage? Nani atachinja kuku? Kuni zenyewe ziko wapi? Nenda kaangalie, uje uniambie. Haraka, mwana wanje."

Mwana wanje: mwanangu, kwa Kiha. "Ego, mama," nikaitikia, na nikaenda mbio.