Nilivyosugua Kutu ya Mashini ya Marehemu

Mimi ndiye fundi bora wa kike wa mashini za mbao mtaa mzima wa Kaptembwo, Nakuru.

Nimehesabu. Tuko mmoja. Na huyo mmoja, siku yake ya kwanza kazini, alivunja mpini wa patasi akasingizia kuku.

Naitwa Awuor. Nina miaka sabini na moja. Shule niliishia darasa la saba, kwa hivyo mkiona makosa hapa, jueni hata mwalimu wangu aliyaona akanyamaza.

Nataka kuwaambia jinsi nilivyotoka kumzika mume wangu, na kabla sijafungua begi, majirani wakanikuta nyuma ya nyumba nasugua chuma kwa kiazi.

Walisema nimeingiwa na wazimu wa matanga.

Sikukataa. Watu wakikuona mwendawazimu hawakai sana wakisubiri chai.

Ukweli ni kwamba sikuwa nahisi kitu. Obura alikufa, nikapanga viti. Wakaleta jeneza, nikauliza kama dereva amekula. Huko nyumbani Ugenya wanawake walilia mpaka mbwa wakahama boma. Mimi nilikuwa natazama kifuniko cha jeneza nikiwaza, huyu fundi hakupiga randa vizuri.

Mdogo wake Obura, Odongo, ndiye alinisindikiza kurudi Nakuru. Shemeji mzuri. Alinibebea begi mpaka mlangoni, halafu akapitiliza mpaka nyuma ya nyumba kuona ni nini kimebaki.

"Shemeji, hii chuma ya kuku ni ya nini?"

"Ni mashini ya Obura ya kukereza mbao."

"Ilikuwa mashini. Sasa ni kutu. Wacha niipeleke kwa watu wa vyuma vikuukuu."

Hapo niwaeleze. Obura aliinunua Molo mwaka wa sabini na tisa, kwa mzungu aliyekuwa anauza shamba. Ikashuka Nakuru juu ya lori la viazi. Juu ndipo mbao inashikwa na kuzungushwa, unaigusa na patasi, inatoka mguu wa meza. Chini ina gurudumu kubwa na kikanyagio, kama cherehani.

Haina waya, haina stimu. Stimu ilikuwa mimi.

Obura alishika patasi, mimi nikakanyaga. Miaka ishirini na tano. Wateja walisifu mikono yake. Mguu wangu hakuna aliyewahi kuuliza jina lake.

Baadaye alipata kazi kwa karakana yenye mashini za kisasa. Hii yetu ikasukumwa nyuma, kuku wakahamia. Siku hiyo Odongo anaitazama, kikanyagio na gurudumu vilikuwa vimezikwa kwa magunia na mavi ya kuku. Ilionekana kichwa tu.

Mimi sikuwa naitaka. Sikuwa nataka chochote. Lakini aliposema vyuma vikuukuu, mdomo wangu ukasema "hapana" bila kunishauri.

Tukabishana. Mzee Nicodemus, mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi hapa mtaani, alikuwa amekuja kunipa pole. Akaamua kesi akiwa bado anavua kofia.

"Mashini ni kitu cha kuzunguka. Jumamosi ya wiki ijayo nitarudi. Ikizunguka, ni ya mama. Isipozunguka, Odongo aibebe."

Odongo akacheka. Akaenda Kuresoi kwa rafiki yake kungoja.

Nikabaki na kutu.

Nilianza kwa kufukuza kuku. Halafu nikachota mavi na jembe. Halafu nikaenda kwa duka la vifaa nikaitisha brashi ya waya, msasa na dizeli kwa chupa.

"Mathe, unatengeneza gari?" kijana wa duka akaniuliza.

"Naosha bwanangu."

Hakuuliza tena. Hata chenji aliniwekea kwa kaunta, akarudisha mkono haraka.

Kiazi kinafanya hivi: unakata katikati, unachovya kwa magadi, unasugua. Kutu inatoka na uji mweusi. Kikichakaa, unakata kipande, unaendelea. Kutu nene inataka siki. Unafunga chuma na kitambaa kilicholowa, unakiacha siku nzima kama mgonjwa wa homa.

Nilisugua asubuhi mpaka jua likaenda upande ule mwingine. Sikufikiria Obura. Nilifikiria kutu. Hii hapa, halafu hii, halafu hii.

Chai ilikuwa kama maji. Maji yalikuwa kama maji.

Mercyline, binti yangu aliye Gilgil, alikuwa anapiga simu kila jioni.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Umelia?"

"Niko na kazi."

"Mama, hata kwa mtandao wanasema usipolia itakuja kukuangusha."

"Waambie wanitumie tarehe, nisipange kitu siku hiyo."

Nikakata simu kwa sababu siki ilikuwa inakauka.

Siku ya tano mhimili, ule mti wa chuma wa juu unaozungusha mbao, ulikuwa bado umeshikana kwa kutu. Nikauwekea jiko la makaa chini, chuma kipate joto, nikamwaga mafuta. Nilishikilia pale nikisubiri. Nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikageuka nione ni jirani gani anachoma nyama katikati ya wiki.

Ilikuwa mkono wangu.

Nikautoa. Nikaupaka mafuta yaleyale ya mashini. Na wakati huo mhimili ukalia kidogo, ukazunguka nusu.

Ikabaki mkanda, ule wa ngozi unaotoka gurudumu kubwa chini kwenda juu. Wa zamani panya walishakula. Bila mkanda, unaweza kukanyaga mpaka Yesu arudi, juu hakuna kitakachozunguka.

Nilizunguka mjini Alhamisi yote. Ngozi nzuri hakuna. Niliporudi, nyuma ya mlango wa chumba, kwenye msumari, ilikuwa inaning'inia mishipi miwili ya suruali ya Obura. Mmoja wa kazi, mmoja wa kanisa. Wa kanisa ulikuwa mnene, umepigwa chapa ya vichwa vya nyati toka mwanzo mpaka mwisho. Obura alikuwa na tumbo, Mungu amrehemu. Ukiunganisha mishipi yake miwili unafunga ng'ombe.

Nilikuwa nimeishika mkononi, kisu mkono wa pili, simu ikalia. Odongo.

"Shemeji, ule mshipi wa nyati uko wapi? Nguo ziligawanywa, mshipi sikuuona. Ni mimi nilimnunulia Kisumu. Akaniambia akitangulia, nirudishiwe."

Nikaangalia nyati. Nyati wakaniangalia.

"Tulimzika nao," nikasema.

"Kweli?"

"Mimi mwenyewe nilimvalisha. Nikaufunga tundu la tatu."

"Basi ni sawa. Alale nao."

Nikakata vile vyuma vya kufungia, vyote viwili. Nikapeleka kwa fundi wa viatu, akaishona kuwa duara moja bila kuuliza swali.

Funzo la hadithi hii nalitoa hapa, kabla ya mwisho, kwa sababu mwisho haunipendezi. Funzo ni hili: kitu kikiwa na kutu, ni chako peke yako. Ukikisugua kikang'aa, jiandae, kimepata ndugu.

Jumamosi wakaja. Mzee Nicodemus na kofia yake, Mercyline kutoka Gilgil, na Odongo ambaye alikuwa tayari ametafuta mkokoteni.

Mashini nilikuwa nimeifunga leso kuanzia kiunoni kwenda chini. Mercyline akaniuliza kwa nini. Nikamwambia mwanamke wa umri huo haonyeshi miguu.

Juu iling'aa. Odongo akaizunguka mara mbili. Akapitisha kidole. Akaacha kucheka.

"Mzee," akamwambia Nicodemus, "kuna jambo sikusema ile siku, kwa sababu ya uchungu wa msiba. Hii mashini kwanza ni yangu."

"Yako?"

"Nilimwachia ndugu yangu anitunzie. Ule mwaka nilikaa hapa nikitafuta kazi, ni mimi nilikuwa nakereza. Obura alijifunzia kwangu."

Mercyline akafungua mdomo. Nikamkanyaga.

"Sikumbuki vizuri, shemeji," nikasema. "Uzee. Mwonyeshe mzee ulivyokuwa unaiwasha."

"Si kazi. Unachomeka plagi kwa ukuta. Unabonyeza swichi, iko hapa pembeni. Inanguruma, unangoja ishike kasi."

"Inanguruma sana?" akauliza Nicodemus.

"Mpaka majirani wanalalamika."

Nikavuta leso.

Mzee Nicodemus akainama. Akaangalia kikanyagio. Akaangalia gurudumu. Akatembea mpaka nyuma ya mashini polepole, akitafuta waya kwa heshima, asionekane anamdharau mtu.

"Odongo," akasema, "stimu uliichomeka wapi?"

Odongo akasema labda ilikuwa mashini nyingine.

Sikumjibu. Niliweka kipande cha mti wa mkaratusi, nikachukua patasi, nikaweka mguu mahali pake pa zamani. Maisha yangu yote nilikuwa mguu. Mikono ilikuwa ya mtu mwingine. Nikakanyaga.

Ikazunguka.

Patasi ikagusa mti, ganda jembamba likatoka likajikunja, likaniangukia juu ya kiatu. Nikahisi kitu kifuani. Si uchungu. Kama mguu uliokaliwa siku nyingi, damu inaanza kurudi, na unataka kumwambia mtu asiuguse.

"Imezunguka," akasema Nicodemus, akiinua kofia kuivaa aende. "Ni ya mama. Kesi imekwisha."

Mercyline alikuwa analia kwa niaba yangu. Nikaendelea kukanyaga, kwa sababu sikujua nikiacha nitafanya nini na mguu.

Odongo hakuondoka. Alikuwa amechuchumaa pale chini anatazama mkanda unavyopanda na kushuka. Nilidhani anaficha uso kwa aibu. Kumbe macho yake yalikuwa yanahesabu. Kichwa kinapanda, kichwa kinashuka. Pembe, pua, pembe, pua.

Nikataka kuongeza mwendo ili nyati wasionekane. Mguu ukakataa. Gurudumu likapunguza, likapunguza, likasimama.

Kichwa kimoja kikasimama sawasawa mbele ya pua yake, na kando yake tundu la tatu.

"Mzee," Odongo akamwambia Nicodemus, bila kuinuka, "hebu usiivae kofia kwanza."

Kisha akaniangalia.

"Shemeji. Huyu nyati tuliyemzika Ugenya, amefufuka lini?"