Mkwe Si Jina la Babu

Baba alitaka jambo moja tu: jina la baba yake liandikwe kwenye jiwe la askari waliokufa vitani, lililokuwa linajengwa Iringa. Babu alichukuliwa vita vya kwanza vya dunia, baba angali anabebwa mgongoni, akafia huko. Kaburi lake hatulijui. Baba alibanwa na kazi machimboni Chunya, akanituma mimi kwa kuwa nilifika darasa la nne.

Nilipanda lori la mizigo kutoka Mbeya hadi Iringa. Karani wa bomani alifungua vitabu viwili, cha askari, ambamo babu yumo, na cha hesabu ya watu. Majina yalipaswa kulingana. Akapitisha kidole kwenye ukurasa wa kijiji chetu, akacheka.

"Kumbe babu yako anaitwa Mkwe?"

"Hapana, bwana."

"Kitabu kinasema Mkwe. Jamani, njooni mumwone mjukuu wa Mkwe!"

Wenzake wakaangua kicheko. Nilielewa mara moja, hasira ikanipanda. Siku ya kuhesabiwa baba hakuwepo, aliyejibu ni mama. Kwetu Unyakyusa mwanamke hatamki jina la baba wa mumewe, hata kama amekufa. Hata neno linalofanana nalo hulikwepa. Alipoulizwa jina la baba wa mumewe, mama alisema, "Ni mkwe," na yule mwandishi hakuuliza zaidi, akaandika alichosikia.

Nilijaribu kueleza. Mbele ya watu huwa nakwama, na maneno yalitoka vipande vipande.

"Basi mlete mama yako alitamke hapa," karani alisema. "Jina tu, kwani lina miiba?"

Nikamwona mama akilini mwangu, amesimama pale, amejiziba mdomo kwa kanga, wanaume wazima wanamcheka. Nilichukua kalamu mezani nikaanza kuandika jina la babu kando ya lile Mkwe. Mimi huandika polepole. Sikuwa nimemaliza herufi ya mwisho karani aliponidaka mkono.

"Mshenzi we! Unaharibu kitabu cha serikali!"

"Mlikwisha kukiharibu," nilisema, bila kukwama.

Tarishi alinisukuma nje. Jiwe lilisimamishwa, na nilipokwenda kulisoma, juu hadi chini, mara mbili, babu hakuwemo.

Baba nilimweleza yote. Mama aliniuliza kosa lilikuwa nini.

"Waliandika vibaya," nikasema.

"Nani?"

"Wao, mama. Ni wao."