Kadi ya Sauti ya Baba Pacha

Mtu akitaka kumuudhi Mama Pacha hana haja ya kumtukana. Aingie tu dukani kwake, aweke kompyuta juu ya meza, aseme anataka kufungiwa kadi mpya ya sauti kwa sababu kila siku anauawa kwenye gemu. Hapo Mama Pacha huweka bisibisi chini, hujifuta mikono, na kuanza somo ambalo mtaa mzima umeshalikariri.

Sauti inayokuja na mazabodi, ule ubao mkuu ndani ya kompyuta, siku hizi inatosha, tena inabaki. Kama hedifoni zako ni zile ulizopewa bure na simu, hata ukifungiwa kadi ya dhahabu ni kazi bure. Kanunue hedifoni za maana kwanza, ndipo urudi tuongee. Kama unasikia mvumo au mikwaruzo, sawa, lete tuangalie. Kama unarekodi muziki, nunua, nami nitakufungia mwenyewe. Lakini kama unapigwa risasi kwa kuwa umesimama katikati ya uwanja kama mlingoti, hiyo kadi ikufanyie nini, ikuvute shati?

Wengine walinuna, wengi walimshukuru. Miaka kumi na sita alikuwa kwenye kile chumba chake chenye meza mbili na rafu ya mashine zinazosubiri zamu. Aliianza kazi akiwa na mimba ya mapacha, na fundi aliyemfundisha alimwambia wazi kwamba wanawake hawana subira ya skrubu ndogo. Yule fundi alishaacha kazi, akafungua duka la viatu. Mama Pacha alibaki, na alibaki kwa sheria moja tu: hamisha kabla hujanunua. Kitu kikigoma, chukua kizima ukiweke mahali pa kibovu, uone kama ubovu unahama au unabaki palepale. Sheria hiyo haikuwahi kumdanganya, na ndiyo iliyowafikisha mapacha shule ya bweni.

Sasa mtu kama huyo afanyeje, siku mume wake mwenyewe anapomwambia kwamba anataka kadi ya sauti?

"Upande wa kushoto hausikiki," alisema Baba Pacha. "Wananijia kutoka kushoto, wananimaliza. Sisikii hata hatua moja."

Baba Pacha alikuwa mtu wa kiwanda cha mbao. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye msumeno mkubwa akisukuma magogo, na Jumamosi mchana, akishaoga vumbi lake, alikaa sebuleni kucheza gemu ya vita kwenye kompyuta aliyoundiwa na mkewe. Hapo zamani alikuwa moto wa kuotea mbali. Sasa hata wageni wa juzi walikuwa wanamuua.

Mama Pacha alichukua hedifoni, akazivaa, akasikiliza dakika mbili. Kushoto palisikika. Kulia palisikika. Akazivua, akamwekea mapajani.

"Zinafanya kazi. Mbovu ni mchezaji."

"Wewe unasikiliza muziki. Gemu inataka kadi yenye nguvu."

"Baba Pacha, mimi ndiye fundi au wewe?"

Hakujibu. Na hapo ndipo penye kidonda, maana Mama Pacha hakuwa anagombana na kadi. Alikuwa anagombana na mwanamume aliyekuwa ameacha kumjibu. Miezi minane sasa. Unamsemesha mtu, ametia pamba masikioni. Unarudia, anageuka na kukutazama kama aliyeamshwa. Akijibu, jibu ni moja. Bomba la jikoni linavuja: sawa. Mwenye nyumba amepita: sawa. Siku shule ilipopiga simu kwamba pacha mmoja ana homa kali, amelazwa, Mama Pacha aliingia sebuleni mbio, akamwambia, na yule bwana akasema sawa, akaendelea kuchambua mbegu za chungwa. Mama Pacha alikwenda shuleni peke yake, akakaa na mtoto siku mbili mpaka homa ikashuka, na aliporudi hakuulizwa neno. Siku hiyo kuna kitu kilivunjika kifuani mwake, na hakuokota vipande.

Alipomweleza dada yake mkubwa, dada hakuzunguka. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema. "Mimi chumba cha nyuma nimeshakitoa mizigo. Njoo."

Basi Jumapili, wakiwa mezani, Mama Pacha aliyatoa yote. Hakupiga kelele, kelele alishazichoka. "Baba Pacha, mimi nimefika mwisho. Mwezi ukiisha nakwenda kwa dada, na sijui kama nitarudi." Alingoja. Alikuwa tayari kwa ugomvi, hata alikuwa anautamani. Mumewe alimega mkate, akatafuna, akasema, "Sawa." Mama Pacha akainuka kuosha vyombo. Siku zilikuwa zimebaki kumi na moja.

Halafu, kana kwamba hayo hayatoshi, ikaja Alhamisi. Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka lake, kuna muuza spika na vifaa vya muziki ambaye mtaa umempa jina la Kipaza, kwa sababu ya bidhaa zake na kwa sababu ya mdomo wake. Mama Pacha alikuwa anafungua mlango asubuhi, Kipaza akamwita kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha basi.

"Fundi, shemeji kaja kununua kadi ya sauti kwangu. Vipi, nyumbani umemnyima?"

Watu wakacheka. Mteja mmoja, aliyekatazwa kadi na Mama Pacha wiki iliyopita, alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Pacha alitabasamu kwa meno, akaingia ndani, akafungua kompyuta ya mtu bila kujua hata ina shida gani. Mume wa fundi ananunua spea kwa Kipaza. Afadhali angenunua mke mwingine, watu wangemhurumia.

Jumamosi aliwahi kufunga duka. Alimkuta Baba Pacha amepiga magoti sebuleni, kompyuta imelazwa ubavu, anafungua skrubu kwa kisu cha jikoni.

"Ondoka hapo," alisema Mama Pacha. "Ondoka, utaniulia mashine."

Safari hii alisikia, maana alikuwa anamtazama usoni. Akasogea. Mama Pacha akachukua bisibisi kwenye mkoba, akaifunga ile kadi yeye mwenyewe, vizuri, kwa hasira, kwa kuwa kazi ni kazi hata ukiwa unaichukia. Alipomaliza akafuta kifuniko, akavuta kiti, akakiweka kikiwa kimekipa mgongo kioo cha kompyuta.

"Kaa hapa, vaa hedifoni, fumba macho. Leo tunamaliza ubishi. Nitachomeka kwenye kadi yako, halafu nitachomeka kwenye tundu la zamani la mazabodi, wala sikwambii lini ni ipi. Nina rekodi ya mtu anatembea na buti, mara kulia, mara kushoto. Ukisikia, inua mkono wa upande huo. Ukiweza kutofautisha kadi na mazabodi, mimi nitakwenda kwa Kipaza kumwomba radhi mbele za watu. Ukishindwa, hiyo kadi unairudisha, na unairudisha mchana kweupe."

Baba Pacha akakaa. Mikono magotini, macho yamefumbwa, kama mtoto anayengoja kukaguliwa kucha.

Akaanza na kadi. Buti za kulia: mkono wa kulia ukapanda. Buti za kushoto: kimya. Akaongeza sauti: kimya. Akachomoa waya, akauchomeka kwenye tundu la zamani. Kulia, mkono ukapanda. Kushoto, kimya.

"Baba Pacha, huu si wakati wa utani."

Mumewe alikaa vilevile, akingoja swali linalofuata. Mama Pacha alimvua hedifoni kwa fujo, akazivaa. Buti za kushoto zikamkanyaga sikioni mpaka akakunja uso. Akamrudishia, akapiga tena. Kimya. Alikuwa ameshafungua mdomo ili amtolee uvivu wa miezi minane kwa mpigo mmoja, lakini mikono ya fundi haisubiri mdomo. Mikono ilizishika zile hedifoni, ikazigeuza, ya kushoto ikakaa kulia, ya kulia ikakaa kushoto.

Akapiga buti za kushoto. Mkono wa kulia wa Baba Pacha ukapanda mara moja, bila wasiwasi. Akapiga buti za kulia. Baba Pacha akatulia, mikono magotini, akingoja.

Ubovu haukuhama. Mama Pacha alirudia mara tatu ingawa mara moja ilitosha, kisha akaacha kipanya. Alikuwa amekagua waya, amekagua hedifoni, amekagua kadi na mazabodi. Alipima kila kitu kwa masikio yake mwenyewe, akaridhika. Ya mumewe hakuwahi kuyapima. Na mtu anayesimama miaka kumi na tisa, sikio la kushoto likiuelekea msumeno, fundi gani anahitaji kuambiwa?

Akaja mbele yake, akamvua hedifoni. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Baba Pacha, usinichezee."

Mumewe aliangalia boksi tupu la kadi. "Miezi minane hivi. Ilianza kama mluzi. Halafu mluzi ukaisha, na mengine yote yakaisha nao."

"Na ulikuwa unajua."

"Kazini nilijua. Hapa nyumbani nilitaka iwe kompyuta. Kipaza aliniapia kwamba kadi hii inaongeza nguvu kushoto. Nikasema, kama ni kompyuta, mtu anafungua, anabadilisha kifaa, basi."

"Na mimi mkeo kwa nini hukuniambia?"

"Ungekwenda kwa meneja."

Alikuwa na haki. Angekwenda siku ileile, tena bila kubadilisha kandambili. Pale kiwandani anayesukuma gogo lazima amsikie anayelipokea akimwambia simamisha. Asiyesikia anaondolewa msumenoni, anapewa ufagio.

"Mwenzangu wa upande wa pili siku hizi ananipungia mkono," alisema Baba Pacha. "Ananisitiri."

"Na siku atakayosahau kupunga?"

Safari hii alikuwa amesikia vizuri sana; akaliokota lile boksi la kadi, akalikunja.

"Nilifikiri hivi," alisema baadaye, polepole. "Mume mjeuri, mke anamvumilia. Mfanyakazi kiziwi, meneja hamvumilii. Nikaona bora nionekane mjeuri kwako. Wewe una subira."

Mama Pacha alikaa sakafuni palepale, kati ya skrubu. Alikuwa na hasira ya kutosha kumpiga kwa ile kadi, na chini ya hasira palikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi.

"Shule ilipopiga simu kuhusu homa, nikaja kukwambia, ukasema sawa."

Uso wa Baba Pacha ukabadilika. "Homa ya nani?"

"Ya mtoto. Alilazwa siku mbili. Amepona."

"Uliniambia unakwenda kwa dada yako."

"Mimi sikukwambia hivyo."

"Nilidhani," alisema. "Nilikuona unaondoka na begi, nikadhani."

"Na Jumapili pale mezani nilikwambia nini?"

Alifikiri. Alifikiri kwa bidii, kama anayetafuta funguo kwenye mifuko yote. Kwenye meza yao Mama Pacha hukaa karibu na mlango wa jikoni, na mlango wa jikoni uko kushoto kwa mumewe. Amekaa hapo tangu wahamie nyumba ile.

"Nilikwambia mwezi ukiisha naondoka. Nakwenda kukaa kwa dada. Ukasema sawa, ukamega mkate."

"Nilisema sawa?"

"Ulisema sawa."

"Mama Pacha," alisema, "mimi nasema sawa kwa kila kitu kinachotoka upande ule. Watu ukiwaambia sawa hawarudii swali. Sikusikia. Naapa sikusikia hata neno moja."

Mama Pacha hakumkumbatia. Alikuwa amechoka mno, na mtu aliyekuacha ukae peke yako kitandani kwa mtoto mgonjwa huwezi kumkumbatia papo hapo, hata kama hakujua. Alizikusanya skrubu moja moja, akazihesabu kiganjani, akainuka kwenda jikoni kunywa maji. Akiwa anampita, akasema, "Jumatatu asubuhi tunakwenda hospitali mimi na wewe. Tukitoka hapo tunakwenda kwa meneja, mimi na wewe. Kwa dada nitapiga simu niseme siendi."

"Sawa," alisema Baba Pacha, akitazama dirishani.

Mama Pacha akasimama. Akazunguka nyuma ya kiti mpaka upande wa sikio la kulia, akainama, akaanza upya.